Uchangiaji wa viungo kutoka kwa wagonjwa wenye pampu za moyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wauguzi na madaktari wa wadi za mahututi, waratibu wa viungo, timu za upasuaji, na familia. Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: mashine hubadilisha alama tulizozoea kuzisoma kitandani, yaani mapigo, shinikizo la damu na mlio wa moyo. Haigeuzi figo au ini la mtu kuwa bovu. Makosa mengi huzaliwa pale mambo hayo mawili yanapochanganywa.

## Mambo ya msingi

1. Mtu mwenye moyo mbovu kiasi cha kuwekewa pampu anaweza kweli kuchangia viungo?

Anaweza. Moyo wake kwa kawaida haupandikizwi kwa mtu mwingine (isipokuwa mara chache, tazama swali la 22), lakini figo, ini, na kwa baadhi yao mapafu, vimeshapandikizwa na vikafanya kazi. Pampu ya kisasa kwa kawaida hupeleka lita 4 hadi 6 za damu kwa dakika, karibu sawa na moyo mzima wa mtu aliyetulia. Figo na ini vilivyokuwa vikidhoofika kwa kukosa damu kabla ya upasuaji mara nyingi hupata nafuu wiki chache baada ya pampu kuanza kazi.

Wengi wao hawapotei kwa sababu kiungo kilikuwa kibovu. Hupotea kwa sababu hakuna aliyempigia simu mratibu. Kila mmoja alidhani jibu litakuwa hapana. Pampu peke yake si kigezo cha kukataa. Piga simu, viungo vichunguzwe kimoja kimoja.

2. "Pampu ya moyo" ni kifaa gani hasa?

Jina hili hubeba vifaa kadhaa, na majibu hutofautiana kulingana na kifaa.

Kinachokutwa zaidi kwa mtu aliyekuwa akiishi nyumbani ni pampu ya ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini. Hushonwa kwenye ncha ya moyo, hufyonza damu kutoka ventrikali na kuisukuma hadi kwenye aota (ateri kuu ya mwili) kupitia bomba la kitambaa. Waya mmoja hutoka tumboni kwenda kwenye kidhibiti kinachovaliwa kiunoni, na kidhibiti hulishwa na betri mbili. HeartMate 3 ndiyo inayotumika zaidi sasa. Wapo wanaoishi na HeartMate II, na wengine na HVAD, ambayo iliacha kuuzwa mwaka 2021. Vidhibiti vya pampu hizi havibadilishani, kwa hiyo swali la kwanza kwenye simu liwe aina ya pampu.

Vya muda mfupi ni ekmo (mashine ya nje inayosaidia moyo na mapafu), puto la aota, na pampu ndogo zinazopitishwa kwenye mshipa kama Impella. Mwisho ni moyo bandia kamili, ambao huchukua nafasi ya ventrikali zote mbili. Tazama swali la 20.

3. Mgonjwa alikuwa mwenyewe kwenye orodha ya kusubiri moyo. Hilo linamzuia?

Hapana. Kuwa kwenye orodha maana yake ni kwamba ameshachunguzwa kwa kina: vipimo vya virusi, saratani, kundi la damu, figo na ini. Jalada lake huwa na taarifa nyingi kuliko la mchangiaji mwingine yeyote, na vipimo vya zamani hutoa msingi wa kulinganisha na vya leo. Wengi wao walishazungumza na familia juu ya upandikizaji kwa miezi. Familia hizo zinajua maana ya kusubiri simu, na hazistahili kunyimwa nafasi ya kuulizwa.

Wengine waliwekewa pampu kama tiba ya kudumu kwa sababu ya umri au maradhi mengine. Jaribio la REMATCH, lililochapishwa mwaka 2001, ndilo lililofungua mlango huo: baada ya mwaka mmoja asilimia 52 ya waliowekewa pampu walikuwa hai, dhidi ya asilimia 25 ya waliopewa dawa pekee. Hawa huwa wazee zaidi. Kwao ini huvumilia umri kuliko figo.

4. Tupige simu lini?

Mara tu inapokuwa wazi kwamba jeraha la ubongo halitapona, au timu na familia zinapoanza kuzungumzia kusitisha tiba. Usisubiri kifo kithibitishwe. Uwe na haya mkononi: aina ya pampu na tarehe ya kuwekwa, kasi na mtiririko wake wa sasa, sababu ya kulazwa, dawa za kuzuia kuganda na INR ya mwisho (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda), historia ya maambukizi kwenye waya, kreatinini na bilirubini (vipimo vya figo na ini) za miezi iliyopita, na kama anatumia amiodaroni, dawa ya mapigo yasiyo na mpangilio.

Mpigie pia mtaalamu wa pampu katika kituo kilichoiweka. Timu ya viungo inajua viungo, yeye anaijua mashine. Huu ni usiku ambao wote wawili wanahitajika.

## Ridhaa na familia

5. Je, pampu itazimwa mapema ili viungo vipatikane?

Hapana, na utaratibu mzima umejengwa kuzuia hilo. Uamuzi wa kusitisha tiba hufanywa kwanza, kwa manufaa ya mgonjwa, na timu inayomtibu pamoja na familia. Mazungumzo ya viungo hufuata baadaye na huongozwa na mtu mwingine. Daktari wa upandikizaji hashiriki kuamua pampu izimwe, haizimi, na hathibitishi kifo. Familia ikikataa kuchangia, mpango wa kusitisha tiba haubadiliki hata kidogo.

6. Mgonjwa ana akili timamu na ndiye anayeomba pampu izimwe. Anaweza kuchangia?

Anaweza, mahali ambapo sheria inaruhusu kuchangia baada ya mzunguko wa damu kusimama. Pampu ni tiba, na mgonjwa mwenye uwezo wa kuamua ana haki ya kuikataa tiba. Ridhaa anaitoa mwenyewe, na hapo ndipo tahadhari inapohitajika zaidi: uwezo wake wa kuamua upimwe, sonona itafutwe, timu ya tiba shufaa ihusishwe, na apewe muda wa kubadili mawazo, hata akiwa mlangoni mwa thieta.

Dawa za kutuliza hutangulia kuzima. Pampu ikisimama kwa mtu aliye macho, kuishiwa pumzi na kizunguzungu huja ndani ya dakika chache, kwa hiyo asubiriwe hadi awe katika usingizi mzito kabla ya kugusa kidhibiti.

7. Familia inauliza: mwili utaharibiwa? Pampu itabaki ndani?

Mwili hushonwa kama baada ya upasuaji mwingine wowote. Kidhibiti na betri huondolewa, na waya hukatwa usawa wa ngozi. Pampu yenyewe hutolewa ikiwa kituo kinataka ichunguzwe au familia ikipenda. Mwili ukitarajiwa kuchomwa, kifaa cha kushtua moyo kilicho chini ya ngozi ya kifua lazima kitolewe kwanza kwa sababu betri yake hulipuka kwenye moto. Wagonjwa wengi wa pampu wanacho, na husahaulika.

## Kuthibitisha kifo

8. Hakuwa na mapigo hata alipokuwa hai. Tutajuaje amekufa?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote. Pampu ya mtiririko mfululizo haipigi, inazunguka. Mgonjwa anaweza kuwa na moyo unaotetemeka bila mpangilio, hana mapigo mkononi, na bado anazungumza nawe. Na kinyume chake: moyo unaweza kuwa umesimama kabisa huku pampu ikiendelea kuzungusha damu. Kidole kwenye mkono hakithibitishi lolote hapa, wala mstari wa umeme wa moyo peke yake.

Kwa kifo cha mzunguko wa damu, mambo haya yawepo kwa pamoja. Pampu imesimama, na hilo limehakikishwa kwenye kidhibiti na kwa stetoskopu kwenye ncha ya moyo, ambapo mvumo wake hutoweka. Mrija wa ateri unaonyesha mstari bapa usio na wimbi. Mgonjwa hapumui wala haitiki. Kisha husubiriwa muda wa kutomgusa, ambao katika nchi nyingi ni dakika 5. Italia ni 20. Ultrasaundi ya moyo inayoonyesha vali ya aota haifunguki huondoa shaka iliyobaki.

Kuna mtego mmoja wa HeartMate 3. Pampu hii hushusha na kupandisha kasi yake kila baada ya sekunde 2 ili damu isigande ndani. Mrija wa ateri unaweza kuonyesha vijiwimbi 30 kwa dakika, kwa mpangilio kamili, bila moyo kukaza hata mara moja. Ukiona vijiwimbi vya namna hiyo, vinatoka kwenye mashine. Pampu ikisimama, navyo huisha.

9. Kifo cha ubongo kinapimwaje kwa mwenye pampu ya ventrikali?

Vigezo ni vilevile: sababu inayojulikana, joto la mwili 36°C au zaidi, shinikizo la kutosha, hakuna dawa wala sumu inayoficha hali, hakuna mwitikio wa mashina ya ubongo, na jaribio la pumzi. Sababu ya kawaida kwa kundi hili ni kiharusi cha kuvuja damu, kwa kuwa walikuwa wakitumia dawa za kuzuia kuganda.

Jaribio la pumzi hufanywa kama kawaida, maana mapafu ni yake. Mpe oksijeni asilimia 100 kwa dakika 10, mtoe kwenye mashine ya kupumulia huku oksijeni ikiendelea, na subiri kaboni dioksidi ifike milimita 60 za zebaki na iwe imepanda angalau 20 juu ya kiwango cha mwanzo, pH ikiwa chini ya 7.30. Kinachoharibika ni upande wa kulia wa moyo. Kaboni dioksidi ikipanda, mishipa ya mapafu hubana, ventrikali ya kulia hushindwa kusukuma, upande wa kushoto hubaki mtupu na pampu hulia kwa mtiririko mdogo. Weka dawa ya kupandisha shinikizo tayari kabla hujaanza. Mtaalamu wa pampu awe pembeni, na jaribio lisitishwe shinikizo likianguka.

10. Na aliye kwenye ekmo?

Hapa kumtoa kwenye mashine ya kupumulia hakutoshi, kwa sababu ekmo yenyewe inaondoa kaboni dioksidi. Punguza gesi inayopita kwenye pafu bandia hadi kati ya lita 0.5 na 1 kwa dakika, oksijeni ikibaki asilimia 100, wala usipunguze mtiririko wa damu. Malengo ni yaleyale ya swali la 9.

Kwa ekmo inayorudisha damu kwenye ateri, chukua damu sehemu mbili kwa wakati mmoja: ateri ya mkono wa kulia, na bomba baada ya pafu bandia. Zote mbili zifikie lengo. Damu ya ekmo hupanda kutoka kwenye paja, ile ya moyo wa mgonjwa hushuka kutoka juu, na mahali zinapokutana hubadilika. Mkono wa kulia ndio unaokaribia kukuambia damu gani inafika kichwani. Ukipima mguuni umepima mashine.

Mambo mawili husahaulika. Joto la mwili linadhibitiwa na ekmo, kwa hiyo lipandishwe kwenye mashine yenyewe. Na mabomba yake hunasa dawa kama fentanili na midazolamu kisha huziachia polepole. Ongeza muda wa kusubiri, hasa kama ini na figo ni dhaifu.

11. Jaribio la pumzi limeshindikana. Kipimo gani cha ziada kinafaa?

Kipimo cha nyuklia cha damu ya ubongo au angiografia ya mishipa minne. MRI hairuhusiwi kabisa kwa mwenye pampu ya ventrikali. Ultrasaundi ya Doppler ya kichwa haiaminiki, kwa sababu inatafuta umbo la wimbi la mapigo ambalo pampu imeshalifuta. Kipimo cha umeme wa ubongo huchafuliwa na kelele za umeme za pampu.

## Kumtunza mchangiaji wadini

12. Shinikizo tunalipimaje na tulenge kiasi gani?

Weka mrija wa ateri. Mashine ya kawaida ya mkanda hushindwa mara nyingi, na kidole cha kupimia oksijeni nacho kinaweza kushindwa kusoma kwa kukosa mapigo. Wakati mrija haujawekwa, funga mkanda na usikilize kwa Doppler: sauti inaporudi, namba hiyo inakaribia shinikizo la wastani.

Lenga wastani wa milimita 65 hadi 85 za zebaki. Chini ya hapo figo na ini hukosa damu. Kuvuka 90 ni kubaya pia, jambo linalowashangaza wengi: pampu ya mzunguko husukuma kidogo kadiri ukinzani wa mbele unavyopanda. Mwenye bidii ya kuongeza noradrenalini ataona shinikizo linapanda huku mtiririko ukishuka, na ndiyo damu anayowanyima viungo.

13. Pampu inalia "mtiririko mdogo" baada ya kifo cha ubongo. Tufanye nini?

Angalia mfuko wa mkojo kwanza. Baada ya ubongo kufa, homoni ya kuzuia mkojo hukauka na mgonjwa huanza kutoa mkojo mwingi mweupe kama maji, mililita mia kadhaa kwa saa. Ventrikali hubaki tupu, pampu huendelea kufyonza, na ukuta wa moyo huvutwa hadi kuziba mdomo wake. Kwenye skrini mtiririko huanguka ghafla, na mara nyingi mapigo yasiyo na mpangilio hufuata.

Tiba ni maji na vazopresini au desmopresini. Vazopresini hufanya kazi mbili, hupunguza mkojo na kushikilia shinikizo, bila kubana sana mishipa ya mapafu. Rudisha mkojo kwenye mililita 0.5 hadi 1 kwa kilo kwa saa, na sodiamu ibaki chini ya 155. Wakati maji yanaingia, mtaalamu wa pampu anaweza kupunguza kasi kidogo. Kuiongeza huzidisha kufyonza.

Kama mkojo ni wa kawaida na shinikizo la mishipa ya vena liko juu, tatizo ni ventrikali ya kulia. Maji zaidi yatalijaza ini na kuliharibu. Huyo anahitaji milrinoni au nitriki oksidi, si chupa nyingine ya maji.

14. Dawa za kuzuia kuganda: tuendelee au tusimamishe?

Kwa aliyevuja damu kichwani huwa zimeshasimamishwa na athari yake kugeuzwa. Pampu za kisasa kwa kawaida huvumilia siku moja au mbili. Kagua wati za pampu kila saa: zikipanda bila kasi kubadilishwa, na mkojo ukawa na rangi ya chai iliyokolea, kuna bonge la damu ndani. Kwa ekmo na Impella hatari ni kubwa zaidi, kwa hiyo jadilini heparini mapema.

Hata INR ikiwa sawa, mgonjwa huyu atavuja kuliko wengine. Mzunguko wa pampu hukatakata kiini cha von Willebrand kinachoshikanisha chembe sahani. Damu, chembe sahani na desmopresini viwe vimeagizwa kabla ya thieta.

15. Waya wake una maambukizi. Ndiyo mwisho?

Si lazima. Maambukizi yaliyobaki kwenye ngozi, kimelea kinajulikana na dawa inafanya kazi, hayazuii figo wala ini. Bakteria wakiwa kwenye damu, inahitajika dawa sahihi kwa angalau saa 24 hadi 48 na kuonekana nafuu, kisha mpokeaji naye hutibiwa. Kinachozuia ni usugu usio na dawa, au usaha unaoendelea kuzunguka pampu. Matokeo ya maabara, pamoja na orodha ya dawa zinazofanya kazi, yaende na kiungo. Ni kosa zito mpokeaji kupewa dawa ambayo maabara ya mchangiaji ilishasema haifanyi kazi.

16. Bilirubini iko juu, kreatinini iko chini. Tuamini?

Zote mbili hudanganya kwa wagonjwa hawa. Bilirubini inaweza kupanda kwa sababu pampu inapasua chembe nyekundu, ini likiwa zima. Tenganisha bilirubini ya moja kwa moja na isiyo ya moja kwa moja, na uangalie LDH, kimeng'enya kinachopanda chembe nyekundu zinapopasuka. Ikiwa ini lilijaa damu kwa miaka, vimeng'enya vinaweza kuwa vya kawaida huku kovu likiwepo, kwa hiyo kipande kidogo kichunguzwe kwa hadubini.

Kreatinini ndogo kwa mtu aliyekonda kwa ugonjwa mrefu hutokana na misuli michache. Sistatini C hutoa picha ya kweli zaidi. Mapafu yanahitaji oksijeni ya damu kuvuka milimita 300 akiwa kwenye asilimia 100, na picha ya CT ya kutafuta makovu ya amiodaroni.

## Kuzima pampu na kwenda thieta

17. Pampu inazimwaje kwa utaratibu?

Kabla ya yote, zima uwezo wa kifaa cha kushtua moyo. Mtu anayekufa hastahili kupigwa na umeme mbele ya familia yake.

Kisha utulivu wa dawa, kusitisha dawa za shinikizo na mashine ya kupumulia kwa mpangilio uliokubaliwa, na kuzima pampu. Kwa HeartMate 3 na HeartMate II kuchomoa betri mbili hakusimamishi pampu. Kidhibiti kina betri ya akiba inayoiendesha kwa angalau dakika 15, kengele ikipiga kelele muda wote. Simamisha kwa amri kwenye kompyuta ya pampu, ndipo uchomoe waya, ndipo uondoe umeme na kunyamazisha kidhibiti. Andika saa na dakika ya kusimama. Heparini, kwa kawaida yuniti 300 kwa kilo, hutolewa kabla pale sheria inaporuhusu na kama hakuna sababu ya kuizuia.

18. Atachukua muda gani kufa, na viungo huvumilia kiasi gani?

Wengi hufariki ndani ya saa moja, mara nyingi ndani ya dakika chache. Pampu hizi hazina vali: zikisimama, damu ya aota hurudi nyuma kupitia bomba hadi kwenye ventrikali, na moyo uliochoka hulemewa. Wachache ambao moyo wao umepata nguvu huendelea kwa saa nyingi, na familia iambiwe hivyo mapema ili isije ikahisi kudanganywa.

Muda unaohesabiwa ni tangu shinikizo la juu lishuke chini ya 50 hadi viungo vipozwe. Ini huvumilia takriban dakika 30, mapafu takriban 60, figo hadi 120. Kwa mwenye pampu wekeni makubaliano ya kutumia wastani kutoka kwenye mrija wa ateri, kwa kuwa hakuna namba ya juu na ya chini ya kutegemea.

19. Daktari wa upasuaji ajihadhari na nini?

Waya. Hupita ndani ya ukuta wa tumbo, mara nyingi ukivuka mahali hasa kisu kinapotaka kushuka. Kwa mchangiaji wa kifo cha ubongo, kuukata ni kusimamisha mzunguko wa damu ghafla, kabla hata aota haijafungwa. Ufuateni kwenye picha ya eksirei au CT na kuuchora juu ya ngozi kwa kalamu. HeartMate II hukaa chini zaidi, kwenye mfuko juu ya tumbo, na ini linaweza kuwa limeshikana nao.

Kifua kimeshafunguliwa angalau mara moja. Bomba la kitambaa hupita nyuma tu ya mfupa wa kifua, na msumeno unaweza kulipasua. Kama mapafu hayachukuliwi, kaeni tumboni: aota ifungwe juu ya tumbo, chini ya kiwambo. Mpangeni nani anasimamisha pampu na kwa neno gani. Isimame sekunde ileile kibano kinapofungwa. Ikiendelea baada ya vena kufunguliwa itafyonza hewa.

Safari ya kutoka wadini pia ina mtego wake. Beba jozi mbili za betri zilizojaa na kidhibiti cha pili cha aina ileile. Badilisha betri moja kwa wakati. Usichomoe zote mbili pamoja.

## Hali zisizo za kawaida

20. Moyo bandia kamili unabadilisha nini?

Karibu kila alama. Hauna umeme wa moyo, hivyo mstari ni bapa hata mgonjwa akiwa mzima. Mapigo yapo, ila yanatoka kwenye mashine ya hewa na yataendelea hadi izimwe. Ikizimwa, mzunguko hukoma papo hapo, na muda wa viungo kukosa damu huwa mfupi. Figo na ini huzingatiwa kama kawaida.

21. Puto la aota liachwe hadi lini?

Hadi karibu na kufunga aota. Limekaa palepale kibano kinapopita, kwa hiyo lizimwe na kuvutwa nje kwanza. Timu ikisahau, kibano hakifungi vizuri na maji baridi ya kuosha viungo hukimbilia kifuani.

22. Je, moyo wa aliye kwenye ekmo unaweza kupandikizwa?

Mara chache, ndiyo. Kama ekmo iliwekwa kwa sababu moyo ulisimama ghafla kutokana na kukosa hewa au sumu, na baada ya siku kadhaa ultrasaundi inaonyesha umerudi kufanya kazi, timu ya moyo iulizwe.

23. Mgonjwa wa pampu huwa na kingamwili nyingi. Zitamdhuru mpokeaji?

Hapana, hapa mwelekeo umegeuzwa. Pampu na damu aliyoongezewa vilimfanya yeye awe mgumu kupata moyo unaomfaa. Akiwa mchangiaji, kinachopimwa ni kingamwili za mpokeaji dhidi ya tishu zake. Upimaji wa kulinganisha hufanywa kwa njia ya kawaida.

24. Viungo vyote vimekataliwa. Kuna kinachobaki?

Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Hazitegemei mzunguko wa damu, na huchukuliwa saa kadhaa baada ya kifo. Familia iliyokwisha kukubali iulizwe tena juu ya macho kabla haijaondoka wadini.